Kuongeza mke kimyakimya: dini haikatai, sheria haikatai, ila mirathi inaumbua

Steshenari_Ngamiani

Assalamu alaykum na habari zenu nyote. Niko Tanga mjini, nina steshenari Ngamiani, kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi. Karatasi nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za mirathi: muhtasari wa kikao cha ukoo, kopi ya cheti cha kifo, barua ya mtendaji wa mtaa, maombi ya usimamizi ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo. Siku hizi naitambua familia yenye mgogoro kabla sijaambiwa kitu. Wanakuja makundi mawili, siku tofauti, na marehemu ni yuleyule.

Kundi la kwanza linaleta majina ya warithi: mjane mmoja, watoto watano. Nachapa, wanasaini, wanaondoka. Kesho yake anaingia mama kijana, mtoto mgongoni, ameshika cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Anauliza kwa sauti ya chini kama jina lake limeandikwa. Muhtasari nimeuchapa mimi, najua halimo. Na wale waliokuja jana hawakusema uongo. Hawakuwahi kuambiwa kwamba baba yao ana mke mwingine.

Sikufungua uzi huu tubishane kama kuoa wake wengi ni halali. Hilo kwa Mwislamu lilishakwisha. Hoja yangu ni kwamba dini imeruhusu kwa sharti la uadilifu, sheria ya nchi imeruhusu kwa sharti la kutoa taarifa, na wanaume wengi wa huku kwetu tumebeba ruhusa tukayaacha masharti. Ndoa ya pili ya siri ndiyo ninayoipinga, tena kwa moyo wote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inagawa ndoa mafungu mawili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huhesabiwa fungu la pili tangu siku ya kwanza, hata kama bwana ana mke mmoja tu. Wengi wanaishia hapo. Hawasomi kwamba kabla ya ndoa inatakiwa taarifa ya nia ya kuoa, siku zisizopungua 21, na kwamba kifungu cha 20 kinampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi. Anaweza kusema kipato cha mume hakitoshi, na kuongeza mke kutamtia yeye na watoto wadogo katika dhiki. Anaweza kusema huyo anayekuja ana sifa mbaya inayojulikana, au ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Kisha kifungu cha 57 kinaweka wazi kwamba wake wa mume mmoja wana haki sawa, wajibu sawa na hadhi sawa. Ukubwa na udogo wa mke tunaujua sisi majumbani, sheria haiujui.

Sasa mwanya uko hapa. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyokamilika haibatiliki kwa sababu tu taarifa haikutolewa au haikusajiliwa. Maana yake anayekwepa taarifa hapotezi ndoa. Anayepoteza ni mke aliyenyimwa nafasi ya kusema neno.

Twende kwenye pesa. Chukulia nyumba ya Makorora imethaminishwa shilingi milioni 60. Marehemu ameacha watoto, kwa hiyo fungu la wake ni thumni, yaani 1/8, ambayo ni milioni 7.5. Wakiwa wawili kila mmoja anapata milioni 3.75. Wakiwa wanne, milioni 2 haifiki. Mimi sina neno na mgawo huo, ni wa Mwenyezi Mungu, uko katika Sura An-Nisaa aya ya 12. Linaloniuma ni jingine: mke wa kwanza alifyatua matofali ya ile nyumba, akauza vitumbua ili bati zinunuliwe, na hati ikaandikwa jina moja. Jasho lake lote likahesabiwa mali ya marehemu. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa kwa majina ya wanandoa, inachukuliwa wanamiliki sawasawa mpaka ithibitike vinginevyo. Jina lake lingekuwemo, milioni 30 zingetoka kwanza kuwa zake, na mirathi ingeanzia kwenye 30 za bwana.

Karibuni. Naomba anayejibu ajibu kwa anayoyajua.

---

Mvuvi_Sahare

Mkuu, nina wake wawili na wote wanajuana. Mke mkubwa nilimwambia mwenyewe kabla ya kupeleka posa, mbele ya shemeji yake. Alilia, akakaa kimya siku nyingi, hakutoa ruhusa wala hakukataa. Sitasema alifurahi.

Ninalotaka kuongeza ni hili la kipato, kwa sababu watu wanadhani uadilifu ni kugawa usiku tu. Usiku ni rahisi, mbili huku mbili kule. Pesa ndiyo kazi. Sisi wa baharini hatuna mshahara. Kaskazi ikivuma maji yametulia, unarudi na samaki, kila nyumba inakula na watoto wana daftari. Kusi ikiingia bahari inachafuka, chombo kinalala nchi kavu, na kile kidogo unachopata ndicho ugawe mara mbili. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja, kwamba mke mdogo ana mtoto mchanga basi apate zaidi, mke mkubwa ana biashara yake ya mihogo basi atajimudu.

Mke wangu mkubwa alinijibu neno moja ambalo limenikaa: "Mihogo yangu si nafaqa yako," yaani si matunzo ninayodaiwa na mke. Ni kweli. Chake ni chake, mimi wajibu wangu uko palepale. Tangu hapo tukirudi na chombo nagawa pesa kabla sijaingia nyumba yoyote.

---

Mzee_Barabara12

Vijana mnaleta mambo ya kuiga. Mke akipewa haki ya pingamizi nani ataoa wa pili? Hakuna mwanamke atakayekubali. Wazee wetu walioa wanne, watoto wakala sahani moja, na hapakuwa na siku 21 wala fomu. Sheria ya Mungu inatosha.

---

Steshenari_Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Pingamizi si kura ya turufu. Mke hawezi kusema "sitaki" yakaisha. Anatakiwa kuonyesha mojawapo ya sababu zilizoandikwa, na linasikilizwa. Mwanamume mwenye uwezo, anayeoa mtu mwema, hana la kuogopa hapo. Mjadala huu nao ni wa zamani: Serikali ilitoa mapendekezo katika Waraka wa mwaka 1969, watu wakabishana nchi nzima, suala la mke wa kwanza kuridhia likiwa mojawapo ya yaliyowasha moto, ndipo sheria ikapita 1971. Kilichobaki kwenye sheria ni pingamizi, ridhaa haimo.

Na hao wazee wa sahani moja, mzee wangu, walioa mchana kweupe. Ngoma ilipigwa, mtaa mzima ulikula pilau. Hakuna mtoto aliyemjua ndugu yake makaburini.

---

Ustaadh_Pwani

Namuunga mkono mwenye uzi, na nimjibu mzee wetu kwa adabu.

Kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, ndoa inasihi kwa walii (msimamizi wa bibi), mashahidi wawili, na ijabu na kabuli, yaani tamko la kuozesha na la kukubali. Idhini ya mke wa kwanza si sharti. Huo ni ukweli na sitaupindisha. Lakini kusihi kwa ndoa ni mlango mmoja, na kusalimika na dhambi ni mlango mwingine. Aya ya 3 ya An-Nisaa ilishuka katika habari ya mayatima, wakati wajane na yatima walikuwa wengi baada ya vita vya Uhud, na ndani ya aya hiyohiyo imo "mkiogopa kutofanya uadilifu, basi mmoja tu". Mume aliyeficha ndoa anawezaje kugawa zamu? Usiku wa mke wa pili anauita "safari ya Korogwe". Tayari amesema uongo kwa mmoja na kumwibia usiku mwingine.

Uadilifu unaodaiwa ni wa vinavyoshikika: chakula, mavazi, makazi, malazi. Kila mke ana haki ya makazi yake, hawekwi nyumba moja na mwenzake bila kuridhia. Mapenzi ya moyo hayamo, na aya ya 129 inasema hamtaweza hata mkifanya pupa, "basi msielemee moja kwa moja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa". Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikuwa akigawa kwa haki kisha anaomba asilaumiwe kwa lile asilolimiliki, yaani moyo. Na ameonya kwamba mwenye wake wawili akamwelemea mmoja atakuja Siku ya Kiyama upande wake mmoja umeinama.

Nimeombwa mara nyingi kufungisha ndoa sebuleni, milango imefungwa, simu zimewekwa kando. Siku hizi nauliza swali moja: mke wako anajua? Akisema hajui, namwambia nenda kamwambie kwanza. Wengine wanahamia kwa mwingine asiyeuliza. Hilo linanisikitisha sana.

---

Mama_Vitumbua

Nimesoma mpaka hapa nikaona niandike, maana mnatuzungumzia sisi.

Nilijua mume wangu anaoa. Nilijua siku, nilijua mtaa, nilijua mpaka jina la walii. Haki ya pingamizi nilielezwa na dada mmoja wa msaada wa kisheria. Sikuiweka. Nitawaambia kwa nini: mtu anayekwenda kusimama mbele ya ofisi kumzuia mumewe asioe anarudi kulala wapi jioni ile? Nina watoto wanne. Angesema "umenivua nguo" akaniandikia talaka, na huyo mwanamke angeolewa vilevile. Kwa hiyo haki ipo, lakini iko juu ya mti ambao mimi sina ngazi.

Nilichofanya nilikwenda kwa kaka zangu wawili na mjomba wake yeye. Tukakaa. Sikumzuia kuoa. Nilisema kiwanja cha Mikanjuni tulichonunua kwa pesa ya kikoba changu kiandikwe jina langu kabla hajaoa, na ada ya shule ya watoto itamkwe mbele ya watu ni kiasi gani na inalipwa na nani. Alikasirika, lakini mjomba wake alimwambia hana hoja. Kikaandikwa.

Mwenzangu sasa ana miaka kadhaa humo. Hatugombani, hatupendani. Akiugua namtazama, nikifiwa anakuja na sukari na kukaa matangani. Hayo yanatosha.

---

Steshenari_Ngamiani

Bi mkubwa, umeandika lililonishinda mimi kulisema. Na umepita njia ambayo wengi wangefaa waijue.

Kwa hofu ya talaka, niongeze mawili kwa faida ya wengine. Talaka ya mdomo au ya karatasi peke yake haimalizi ndoa mbele ya sheria ya nchi. Shauri linapita baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Na wakati huo mahakama ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja, kifungu cha 114. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ndiyo iliyokubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Yeye mwenyewe hakupata kitu katika rufaa ile, kwa sababu mahakama iliona mume alishampa fedha za mtaji akazitumia vibaya, ila kanuni ikabaki na inawasaidia wanawake mpaka leo.

---

MkeMwenza_Chumbageni

Na mimi niseme, maana kwenye nyuzi hizi mke wa pili siku zote ni mwizi.

Niliachika nikiwa na watoto wawili. Miaka ile ya kukaa bila mume, kila aliyenisogelea alitaka kuja usiku na kuondoka alfajiri. Huyu alikuja kwa baba yangu mchana. Nilimwambia sharti langu ni moja, mkeo ajue kutoka kinywani mwako na mimi nipewe cheti. Mahari niliichukua mwenyewe, nikanunua friji, nauza barafu na juisi.

Ukewenza una maumivu, sitadanganya. Sikukuu anakuwa kule, unaweka chakula mezani na mtoto anauliza. Lakini kati ya kuwa mke wa pili mwenye cheti na kuwa mchepuko wa mtu miaka kumi, nimechagua cheti. Wanaotaka mitala ipigwe marufuku waniambie wanawake kama mimi tutakuwa nani. Wanaume hawataacha kuja, watabadilisha tu jina la kinachowaleta.

Ndiyo maana namuunga mkono mwenye uzi. Siri haimlindi mke wa kwanza, na mke wa pili haimlindi hata kidogo. Mume akifa, mke wa siri ndiye anayeambiwa athibitishe.

---

Muheza_Kwetu

Mimi Mkristo, wa huku Muheza. Naomba kuelewa. Shemeji yangu alifunga ndoa kanisani, baadaye akasilimu akaoa mke wa pili kwa nikah. Dada yangu bado anasali kanisani. Ndoa ya pili ina nguvu?

---

Steshenari_Ngamiani

Ndugu yangu, kwa sheria ya nchi haina. Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na kifungu cha 15 kinamkataza mume aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine. Kubadili dini peke yake hakubadili aina ya ndoa. Kifungu cha 11 kinataka mume na mke wote wawili, kwa hiari, watamke pamoja mbele ya jaji au hakimu, na kwa Wakristo waliooana kanisani hilo haliwezekani kabisa maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Hapo mmoja amesilimu, lakini bila dada yako kutamka, ndoa yao ni ileile. Ya pili ni batili.

Anayeumia tena ni yule mwanamke wa pili, ambaye huenda aliambiwa "yule tulishaachana". Mwambieni atafute ushauri wa kisheria mapema.

---

Ustaadh_Pwani

Niongeze: mtu anayesilimu kwa ajili ya kuoa tu, sisi walimu tumkalishe kwanza na kumfundisha dini. Uislamu si ofisi ya kubadilishia cheti.

---

Mtumishi_Raskazone

La kwangu fupi. Wenzangu watumishi, angalieni na kadi za matibabu. Utaratibu tuliouzoea wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, unambeba mwanachama, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Ukiwa na wake wawili, mmoja yuko nje, na watoto unaanza kuchagua. Nimemwona mwenzetu akimlipia mke wa pili upasuaji wa uzazi kwa pesa taslimu aliyokopa kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na huku mke wa kwanza ana kadi. Huo uadilifu wa makazi na chakula ambao ustaadh ameutaja, siku hizi matibabu nayo yamo.

---

Mzee_Barabara12

Nimesoma yote. Bado nasema fomu zimezidi. Lakini huyu binti wa Chumbageni amesema kweli, na yule mama wa vitumbua pia. Marehemu kaka yangu alituachia jambo la namna hii, tukakutana na mtoto wake wa kiume siku ya hitima, sura ya kaka mtupu. Tulimpokea. Ila fungu lake lilitafutwa baada ya mali kugawanywa na kuliwa. Sipendi kulikumbuka.

---

Kijana_Pangani

Wakuu, msaada. Baba yangu yu hai, ana afya, ana wake wawili, wote wanajuana. Mama ndiye wa kwanza. Kuna shamba la minazi, nyumba mbili na boti. Hakuna kilichoandikwa zaidi ya hati moja ya nyumba. Tukimgusia anasema mnaniombea kufa. Tuanzie wapi?

---

Steshenari_Ngamiani

Mdogo wangu, mna bahati kubwa kwamba yu hai na wake wanajuana. Msimwendee nyinyi watoto. Mwendeeni mtu anayemheshimu, imamu wake au rafiki yake wa rika, azungumze naye faragha, na asianze na neno mirathi. Aanze na vyeti. Wake wote wawili wawe na vyeti vya ndoa na kopi zake zikae pahala panapojulikana. Ndoa ambayo haikusajiliwa, aulize kwa msajili pale ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wao ndio wanaofanya kazi za RITA, wakala wa serikali wa usajili.

La pili, nani alichangia nini. Kama mama yako alipanda ile minazi au alinunua sehemu ya shamba, baba aitambue sehemu hiyo leo kwa maandishi, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Hiyo si zawadi wala urithi, ni yake. Na mama mdogo vilevile kama ana jasho lake kwenye boti.

La tatu, nyumba. Kila mke anayo anayoishi. Baba akitaka kila mmoja abaki na yake, wosia hautamfaa, kwa sababu kwetu wosia hauzidi 1/3 ya mali na hapewi mrithi ila warithi wenzake waridhie. Anachoweza ni hiba, ampe akiwa hai na mzima na akabidhi kweli, siyo kuandika karatasi na kuifungia kabatini. Hapo ustaadh anisahihishe.

---

Ustaadh_Pwani

Umesema sawa. Hiba bila kukabidhi haijatimia. Na awaangalie watoto, akimpa wa nyumba moja asimwache wa nyumba ya pili.

---

Steshenari_Ngamiani

Basi ndiyo hivyo, Kijana wa Pangani. Na kama mzee anataka kuweka nyumba rehani kwa mkopo wa boti, Sheria ya Ardhi inataka wenza wanaoishi kwenye nyumba hiyo waridhie, hata wakiwa zaidi ya mmoja. Mweleze mama yako alijue hilo, asisaini kitu ambacho hakusomewa. Ukifika mjini na karatasi zenu, kuchapa ni juu yangu.